Njia Ndefu ya Jina Washington

Baba yangu alinipa majina mawili nilipozaliwa Kisumu. La kwetu ni Otieno, kwa kuwa nilizaliwa usiku, na Mluo yeyote akilisikia hana haja ya kuuliza zaidi. La ubatizo ni Washington, kwa kuwa wiki ileile ilifika barua ya binamu yake, mmoja wa vijana wa Kenya waliokwenda kusoma Marekani katika miaka ya 1960, na bahasha yake ilikuwa na stempu yenye sura ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Baba alikuwa akitafuta jina ambalo hajalisikia kwa jirani. Aliitazama stempu ile, akaona kazi imekwisha. Kumbe majirani nao walikuwa na stempu zao, maana upande wetu wa ziwa akina Washington ni wengi, na ukiliita jina hilo kwa sauti katika soko la Kibuye watageuka watu wawili watatu.

Kwa miaka arobaini jina hilo halikunisumbua. Usumbufu ulianza mwaka 2008, mke wangu ambaye ni muuguzi alipopata kazi kaskazini mashariki mwa Uingereza, nami nikaacha kufundisha Kiswahili na kumfuata pamoja na watoto. Ofisi moja iliponakili majina yangu iliyapindua, ikaifanya Washington kuwa jina langu la ukoo na Otieno kuwa jina langu binafsi. Niliandika barua ya kulalamika. Nilijibiwa kwa heshima zote, katika barua iliyoanza kwa "Bwana Washington", kwamba kumbukumbu zangu zimekaguliwa na hazina kosa. Na kama kwamba hayo hayakutosha, nyumba tuliyopata kupanga ilikuwa katika mji unaoitwa Washington, kati ya Newcastle na Sunderland, hata siku yangu ya kwanza katika ghala nilikoajiriwa msimamizi aliisoma kadi yangu mara mbili, akawaita wenzake waje wamwone Bwana Washington wa Washington.

Nakiri kwamba utani ule ulinipendeza kuliko nilivyotaka kuonyesha. Mtu aliyeacha darasa lake akawa mpanga makasha hufurahia hata heshima ya mzaha. Baada ya miezi michache nilinunua kikombe chenye nembo ya ukoo wa Washington: ngao nyeupe, mistari miwili myekundu iliyolala, na juu yake nyota tatu nyekundu. Muuzaji aliniambia kwamba kila mwenye jina hilo ana haki ya kuitumia nembo ile. Nilikiweka kikombe dirishani, mahali ambapo wapita njia wangekiona.

Aliyekiona ni mzee jirani yetu, mchimbaji wa zamani wa makaa ya mawe, ambaye baada ya mgodi wake kufungwa aliihamishia subira yake yote kwenye nasaba, akishinda maktaba akisoma daftari za makanisa. Alicheka hadi akakohoa. Aliniambia kwamba katika sheria ya Uingereza nembo haiwi mali ya jina hata siku moja. Hupewa mtu mmoja, ikarithiwa na wazao wake halali, na watu elfu moja wenye jina lilelile wasiotoka katika mgongo wake hawana chochote ndani yake. Kisha akasema neno ambalo lilinikaa moyoni kuliko kicheko chake. Alisema kwamba wengi huanza na mtu mashuhuri, wakashuka kwenda kumtafuta babu yao chini yake, na kwa kuwa wanajua wanachotaka kukiona, hukiona. Njia sahihi ni kuanza na aliye hai, ukarudi nyuma kizazi kimoja kimoja, na usiinue mguu kwenda kizazi kinachofuata kabla hujashika karatasi ya hiki ulichosimamia.

Kwa upande wangu karatasi ziliishia haraka, maana marehemu babu hakuacha hata moja. Kwa hiyo niliamua kuufuata mguu mwingine, ule wa jina lenyewe, nijue lilitoka wapi na lilipitia mikono ya nani hata likafika kwenye stempu ya baba.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba Waingereza wenyewe hawakuwa na majina ya ukoo tangu zamani. Kabla ya Wanormandi kuiteka nchi yao mwaka 1066, mtu alikuwa na jina moja, na akichanganywa na mwingine aliongezewa la baba yake, la kazi yake, la kijiji chake au la umbo lake. Majina hayo ya nyongeza yalikufa pamoja na wenyewe. Makabaila wa Kinormandi ndio walioanza kuyarithisha pamoja na mashamba, na desturi ikashuka polepole kwa watu wa kawaida, hata kufikia mwaka 1400 hivi familia nyingi za Kiingereza zilikuwa nalo jina linalopita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Nilipoyasoma hayo niliwakumbuka watu wetu. Otieno wuod Okoth, yaani Otieno mwana wa Okoth, ni namna ileile waliyokuwa nayo Waingereza kabla mashamba hayajawafundisha kurithisha majina. Hata mwambao wetu unaijua njia ya kumwita mtu kwa mahali alikotoka, kama anavyoitwa Shirazi au Hadhrami.

Washington ni jina la namna hiyo, na mahali penyewe palikuwa mita mia chache kutoka mlangoni kwangu. Katika Kiingereza cha kale liliundwa na vipande vitatu: Hwæsa, jina la mtu ambaye hakuna anayemjua tena, kiungo chenye maana ya watu wake, na neno la shamba au makazi. Kwa hiyo ni kwa akina Hwæsa, kama sisi tunavyosema kwa akina fulani. Mwishoni mwa karne ya 12 bwana mmoja mpanda farasi, William de Hertburn, alibadilishana ardhi na Askofu wa Durham: akaiacha Hertburn, akachukua Washington. Mabadilishano hayo yameandikwa katika Kitabu cha Boldon, orodha ya milki za askofu iliyotungwa mwaka 1183. Alipohama, William aliliacha jina la shamba la zamani akachukua la shamba jipya, akawa William de Wessyngton. Hapo nilisimama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimedhani kwamba jina kubwa kama hili lilianzia kwenye damu ya mtu fulani, kumbe lilianzia kwenye mkataba wa ardhi, na mtu wa kwanza kulibeba alikuwa na jina jingine siku chache kabla.

Nilipomsomea jirani yangu maandishi yale ya kale alitikisa kichwa kana kwamba nimemwambia jambo analolijua. Wazee wa migodini hapa hawasemi Washington. Husema "Weshington", na watoto wao shuleni walikuwa wakikosolewa kwa hilo, ingawa tahajia ya Wessyngton inaonyesha kwamba sauti hiyo haikuanza nao. Tangu siku hiyo niliacha kumcheka mtu kwa matamshi, na katika kutafuta majina kwenye daftari za zamani niliacha kung'ang'ania herufi. Karani wa parokia aliandika alichosikia. Daftari hizo zilianza kwa amri ya mwaka 1538, wakati wa Mfalme Henry VIII, na ndani yake familia moja inaweza kuonekana kwa tahajia tatu katika kizazi kimoja bila mtu yeyote kuwa amebadili jina.

Akina Wessyngton walitoa hata mkuu wa monasteri ya Durham, John, aliyeiongoza kuanzia 1416 hadi 1446. Lakini tawi ambalo dunia inalijua lilikuwa limekwisha kuondoka. Lilivuka kwenda Lancashire, katika kijiji cha Warton, ambako nembo ya mistari miwili na nyota tatu ilichongwa kwenye jiwe la mnara wa kanisa. Mtoto wa Warton, Lawrence Washington, alishuka kusini hadi Northampton, akatajirika kwa biashara ya sufu, akawa meya wa mji mwaka 1532 na tena 1545. Mfalme alipozivunja monasteri na kuziuza ardhi zake, Lawrence alikuwa na fedha tayari: mwaka 1539 alinunua ardhi ya Sulgrave kwa zaidi ya pauni 324, akajenga nyumba ambayo ipo hadi leo. Nilikwenda kuiona na watoto. Juu ya mlango wa mbele ile nembo ipo, imechakaa kwa mvua, na binti yangu aliuliza kwa sauti mbele ya wageni wengine kwa nini wameweka picha ya kikombe cha baba.

Ikiwa Lawrence wa sufu alihama kwa sababu ya faida, mzao wake, mchungaji Lawrence, aliwasukuma wanawe kuhama kwa sababu ya kuanguka. Alikuwa kasisi wa Purleigh katika Essex, upande wa mfalme, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto watu wa Bunge walimwondoa katika parokia hiyo mwaka 1643 kwa tuhuma za ulevi. Wako waliosema kwamba tuhuma hizo zilikuwa kisingizio cha siasa, nami nikiwa nimewahi kuona walimu wakihamishwa kwa visingizio, sioni shida kuliamini hilo. Alikufa miaka kumi baadaye akiwa hana kitu, na mtoto wake John akaingia baharini. John alifika Virginia kwa merikebu iitwayo Sea Horse of London, iliyokwenda kuchukua tumbaku. Mapema mwaka 1657, ikiwa inarudi na shehena, merikebu ilikwama katika Mto Potomac. Waliikwamua, lakini John hakupanda tena. Alimwoa Anne Pope, binti wa mwenye mashamba, na baba mkwe akawapa ekari 700. George Washington, aliyezaliwa mwaka 1732, ni kitukuu cha John huyo.

Wasimulizi wengi wa jina hili huishia hapo, nami huenda ningeishia hapo kama si Julai 4 ya mwaka wa sita wa kukaa kwetu. Siku hiyo hufanyika sherehe fupi ya uhuru wa Marekani katika Washington Old Hall, nyumba ya kale ya mjini kwetu. Sehemu kubwa ya jengo la sasa ni ya karne ya 17, ila limemeza vipande vya mawe ya nyumba ya akina Wessyngton. Rais Jimmy Carter alikuja hapo mwaka 1977 akapanda mti. Nilikuwa nimesimama karibu na bustani, nikiwa nimevaa kadi ya kazini shingoni, wakati mama mmoja mweusi wa makamo aliponijia mikono yake ikiwa wazi, akasoma kadi yangu kwa sauti na kuniuliza, "Kaka, wewe ni Washington wa jimbo gani?"

Alikuwa ametoka South Carolina. Jina lake la ukoo lilikuwa Washington, na alidhani amempata ndugu. Nilimweleza habari ya stempu na ya ofisi iliyopindua majina yangu. Alicheka, kisha machozi yakamtoka, akaomba tukae kwenye benchi. Aliniambia kwamba Marekani jina Washington ni la watu weusi. Nilidhani anatia chumvi. Baadaye nilikuta kwamba sensa ya mwaka 2000 ilihesabu watu 163,036 wenye jina hilo la ukoo nchini mwake, na tisini katika kila mia walikuwa Wamarekani weusi. Jina lililoanzia kwenye mkataba wa kabaila na askofu sasa linashikwa zaidi na wajukuu wa watumwa kuliko na mtu mwingine yeyote.

Watu hukimbilia kusema kwamba sababu ni watumwa wa George mwenyewe. Hesabu haikubali. George alirithi watumwa kumi akiwa na umri wa miaka 11, na alipofariki mwaka 1799 palikuwa na watumwa 317 katika Mount Vernon, shamba lake kubwa la Virginia, kati yao 123 wakiwa mali yake kisheria. Wasia wake uliwaachia huru hao wa kwake, na mjane wake akawafungua Januari 1, 1801. Lakini hata wote 317 wangelichukua jina lile, bado umati wa leo haungeelezeka kwa urahisi. Wengi walilichagua wenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, mtu aliyeachwa huru alihitaji jina la pili kwa mshahara, kwa ndoa na kwa shule, na wengine walikuwa nalo tayari kwa siri, wakilitumia baina yao bila bwana kujua. Booker T. Washington, mwalimu mashuhuri wa Wamarekani weusi, aliyezaliwa utumwani Virginia mwaka 1856, alieleza kwamba alipoandikishwa shule aliwasikia wenzake wana majina mawili naye ana moja. Mwalimu alipofika kwake alijibu kwamba anaitwa Booker Washington. Washington lilikuwa jina binafsi la baba yake wa kambo, Washington Ferguson. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka karani wangu. Lililomtokea Booker kwa ujasiri mimi lilinitokea kwa kosa la ofisi: jina la kwanza la mtu likageuka la ukoo katika daftari.

Yule mama alikuwa amefanya kosa lilelile ambalo jirani yangu alinionya nalo. Alikuwa ameanza na George, akashuka. Alikuwa na mchoro mzuri wa ukoo, wa kulipia, uliomuunganisha babu yake na Mount Vernon kwa mstari wa nukta nukta. Nilimpeleka kwa mzee. Mzee aliutazama mchoro ule, akaweka kidole juu ya nukta, akauliza kwa upole karatasi ya hapo iko wapi. Haikuwapo. Alimweleza jambo ambalo mama mwenyewe alikwisha kulijua ila alikuwa amelikwepa: sensa ya Marekani ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu wote walioachwa huru. Katika orodha za watumwa za 1850 na 1860 kuna jina la mwenye mali, na chini yake umri, jinsia na rangi, bila jina la mtu. Wanaotafuta nasaba za watu weusi huuita mwaka huo wa 1870 ukuta, na kwa kweli nilimwona mama yule akiugonga pale mezani kwetu, chai ikipoa.

Sikuwa na la kumpa isipokuwa habari ya Harry, niliyokuwa nimeipata kwenye maktaba. Harry alizaliwa Gambia karibu na mwaka 1740, akauzwa, akawa mtumwa wa George Washington. Mwaka 1776, katika vita vya uhuru wa Marekani, alitoroka akajiunga na Waingereza waliowaahidi watoro uhuru, na mwaka 1783 aliondoka New York kwa meli, ameandikwa katika daftari la wanaoondoka kama Harry Washington, mwenye umri wa miaka 43, aliyemwacha Jenerali Washington miaka saba iliyopita. Aliishi Nova Scotia, katika Kanada ya leo, kwenye baridi na mawe, kisha mwaka 1792 akavuka pamoja na wenzake karibu 1,200 kwenda Sierra Leone. Mwaka 1800 walowezi hao waliasi dhidi ya kodi ya ardhi waliyotozwa na kampuni iliyotawala koloni, na Harry Washington akahukumiwa kufukuzwa, akapelekwa ng'ambo ya mto. Bwana wake wa zamani aliasi kodi ya Waingereza akawekwa kwenye stempu. Sikumwambia mama maneno hayo ya mwisho, maana aliyasema yeye kabla yangu.

Mimi nilichokuwa nikikifikiria ni kwamba jina langu lilikwisha kukanyaga Afrika miaka mingi kabla ya bahasha ya baba, na lilikuja na Mwafrika.

Mzee alimshauri aziache habari za Mount Vernon kabisa, aanze na bibi yake aliyemlea, arudi nyuma hadi 1870, kisha atafute katika kumbukumbu za Freedman's Bank, benki iliyoanzishwa mwaka 1865 kwa ajili ya waliokuwa watumwa. Benki hiyo ilianguka mwaka 1874 na wengi wakapoteza akiba zao, lakini makarani wake walikuwa wakiwauliza wateja majina ya wazazi, ya ndugu, na mara nyingine ya bwana waliyemtumikia, na daftari zao zimebaki. Fedha zilikwenda, majina yakabaki. Mama aliandika kila kitu kwa mkono katika kijitabu, akaondoka siku iliyofuata.

Ofisi ilikuja kuyanyoosha majina yangu baada ya barua ya nne, na kikombe nilikitoa dirishani, ingawa bado nakinywea chai. Karibu miaka miwili baada ya ziara ile nilipokea ujumbe wa mama yule ukiwa na picha ya ukurasa mmoja. Ilinichukua dakika kadhaa kuuzoea mwandiko. Mwenye akaunti alikuwa babu wa bibi yake. Palipoulizwa jina la bwana wake wa zamani, karani alikuwa ameandika jina jingine kabisa, lisilohusiana na Washington hata kwa herufi. Palipoulizwa jina lake yeye paliandikwa Washington, na pembeni, kwa kuwa hakujua kuandika, palikuwa na alama ya X iliyokolezwa wino mara mbili. Niliichapa picha ile nikampelekea mzee. Aliisogeza dirishani penye mwanga, akavaa miwani yake, akamtafuta karani kwanza, kama afanyavyo siku zote, kisha akakisogeza kidole hadi kwenye ile X.